Jotham Asava, Mtu wa Makaa ya Jana (1979–2025)

Jotham Asava alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, Mbale, Kaunti ya Vihiga. Nyanya yake, Guku Rasoa, husema siku hiyo mvua ya mawe ilitoboa sufuria mbili. Waliokuwepo wanakumbuka manyunyu. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na Guku.

Alisoma shule ya msingi Mbale na sekondari Kakamega, akahitimu fizikia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2003. Guku, ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja, hushikilia kwamba fizikia alifunzwa jikoni kwake. Kila asubuhi Guku alichekecha majivu, akaokota makaa ya jana ayawashe tena.

"Guku, haya si yamekufa?"

"Yamechoka tu. Wewe ukichoka, nikuzike?"

Ila siku moja walitumia yaliyosahaulika guniani miezi mingi, yameshika unyevu. Nyumba nzima ikajaa moshi, na chai haikuiva. Jotham hakusahau.

Tarehe 19 Desemba 2009 alifunga ndoa na Carolyne, wakajaliwa Lois na Nick.

Mwaka 2014 alikuja Dubai, kwenye ofisi ya washauri wa uhandisi, mtaa wa Al Mankhool. Kazi yake ilikuwa ileile ya makaa. Fueli ikishatumika kwenye mtambo wa nyuklia, ndani yake hubaki plutoniamu, ambayo bado ina nguvu. Hutolewa, huchanganywa na urani, kisha hurudi kwenye mitambo ya kawaida inayopozwa kwa maji. Lakini ikilala ghalani miaka mingi, sehemu yake hugeuka uchafu unaoipunguzia nguvu. Jotham ndiye aliyepiga hesabu za nguvu iliyobaki.

Oktoba 2023 aliona ripoti imeandikwa kana kwamba plutoniamu ya mteja ilitolewa jana. Ilikuwa imelala miaka tisa. Mkubwa wake, Raed, alimsukumia kalamu.

"Yalla, Jotham, weka sahihi. Mteja anasubiri."

"Tarehe si ya kweli, sir."

"Miaka tisa ni nini?"

"Ni moshi, sir."

"Khalas. Nenda nyumbani."

Akaenda, na hakurudishwa. Familia ilihamia chumba kimoja International City. Jotham akapata kafeel mwingine, yaani mdhamini wa viza, na kazi ya ulinzi kwenye ghala la nguo mtaa wa Naif, akisimama saa kumi na mbili kila siku. Carolyne alimwambia mara nyingi, "Baba Lois, si ungeandika tu?" Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alivua viatu, akalala na soksi.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2024. Guku alikuja Novemba kumuuguza, akiwa na kilo sita za mboga kavu, na hadithi kwamba rubani alimwomba ushauri wa njia. Hiyo ilimchekesha Jotham. Halafu kila jioni aliuliza jambo moja: "Wamebadilisha tarehe?" Hakuna aliyejua.

Alhamisi tarehe 6 Februari 2025 alipoteza fahamu. Jumamosi Hazim, aliyekaa naye meza moja Al Mankhool, alifika hospitalini, akainama sikioni mwake. "Wamepiga hesabu upya, ndugu yangu. Miaka tisa imeingia. Ulikuwa sawa." Jotham alifariki Jumapili, saa nne asubuhi.

Watu wanamuuliza Guku kama alisikia. Guku angeweza kusema alitabasamu, na nani hapa angembishia bibi kizee? Lakini huyu mtu alipoteza kila kitu kwa kukataa kuandika kisichokuwepo. Kwa hiyo Guku amesema iandikwe hivi: hakusikia. Hazim alichelewa siku mbili.

Ameacha mjane, Carolyne. Watoto, Lois na Nick. Na nyanya yake, Rasoa. Leo tunamwombea hapa International City, na Alhamisi anasafirishwa kwenda Mbale.

Jotham amechoka. Mungu ampumzishe.