Neno Moja la Daktari Nadir

Siku ambayo upande wa Rahila ungekuja kuuliza, Hija alifika barazani kabla ya muuza kahawa, jambo ambalo si kawaida yake. Baraza lenyewe liko Mji Mkongwe, ubavuni mwa duka la miwani la Jayantilal, pale kichochoro kinapopinda na wenye skuta hulazimika kupiga honi. Jiwe lake limelainika kwa kukaliwa na vizazi vitatu, na Hija anaweza kukutajia kila aliyelikalia na jina la babaye. Kwa hilo wakamwita Hija Nasaba. Mtaa ule haozwi mtu mpaka baraza limeulizwa. Posa ikipelekwa, upande wa mwanamke haujibu. Humtoa mtu mzima mmoja, akaja akaketi, akanywa kahawa, akauliza habari za mume. Leo mwanamke ni Rahila, na mume ni Daktari Nadir, mtafiti wa kichocho, mtoto wa Mwatum, na Mwatum ni dada yake Hija wa tumbo moja. Nadir amepita miaka arobaini, na posa mbili zimesharudi. Asubuhi Mwatum alimpitia kaka yake, akasimama mlangoni bila kuvua buibui, akamwambia, "Hii ya tatu usiniharibie," akenda zake sokoni.

— Akija huyo bwana Qasim waliyemtoa upande wa mwanamke, — Hija aliwaambia wenziwe baada ya Alasiri, — mie nnataka tusimame kwenye elimu tu. Elimu ya Nadir haina mpinzani. Mengine tuyaache.

— Mengine yepi? — aliuliza Silima.

— Hayohayo unayotaka kuyasema.

Silima ni fundi makochi, lakini barazani jina lake ni Sampuli. Zamani akikaa shamba, watu wa Daktari Nadir walimpa kichupa akakojolee, na tangu hapo hajaacha kukitaja kile kichupa.

Jayantilal alitoa simu, akaipangusa kioo kwa kitambaa kilekile anachopangusia miwani ya wateja.

— Haya, elimu hii hapa. Huu ukurasa wake, makala zake zote zimo. Nnateleza kidole, naye hamaliziki. Mia mbili na ushei. Na hapa pembeni wanaandika wataalamu wenziwe wamemtaja mara ngapi katika makala zao. Elfu tisa.

— Elfu tisa, — alisema Duni kwa heshima. Huyu alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu, na hamalizi kikombe bila ya methali, ndiyo maana wakamwita Wahenga. — Mtu anavuma huyo. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

Jayantilal alipaliwa na kahawa.

— Hilo usimwambie Qasim, — alisema Hija.

— Lina ubaya gani? Kuvuma si kuvuma?

— Lakini tizameni hapa, — alisema Jayantilal alipopata pumzi. — Makala moja, kurasa sita, waandishi thelathini na mmoja.

— Kurasa sita watu thelathini? — aliuliza Silima. — Kila mmoja kaandika nini, nukta?

— Hiyo maulidi ya homu, — alisema Duni. — Mmoja anasoma, waliobaki wako kwenye safu, wanainama na kuinuka.

— Na Nadir wa ngapi?

— Wa mwisho.

— Wa mwisho ndiye mkubwa, — alisema Hija upesi, maana Mwatum alishamfundisha. — Kwa wataalamu ndiyo taratibu yao. Anayekaa mwisho ndiye sheikh wa wote.

— Basi mie skuli nilikuwa sheikh miaka yote, — alisema Silima. — Na katika hao thelathini na mmoja, mie nimo?

— Weye uandike nini?

— Mzee Hija, nilichotoa mie ndicho walichoandikia. Bila ya kichupa changu wangeandika habari za nani?

Jayantilal alivuta maandishi yakawa makubwa.

— Umo, Sampuli. Hapa: "wanakijiji mia nne."

— Mia nne ndiyo mie?

— Mmoja katika wao.

— Haya. Sasa nitafutie na majibu yangu, maana mpaka leo sijapewa. Ulaya wanajua kama nna kichocho au sina. Mie mwenye kibofu sijui.

Hapo Hija hakusema "hilo usimwambie Qasim." Alichezesha kijikombe juu ya jiwe, akatizama upande kichochoro kinakoingilia. Hakuonekana mtu ila watalii wawili na mwongozaji wao, wakitizama mlango wa watu.

— Mie nnavyoona, — alisema Jayantilal, — huku kutajana ni mambo ya kutunza tu, kama kwenye taarab. Leo unainuka unampelekea mwimbaji noti, ukumbi mzima unakuona. Kesho ukiwa na shughuli yako, na yeye anainuka. Nitaje nikutaje.

— Na wale wanaomtaja kwa kusema kakosea? — aliuliza Silima. — Hiyo nayo inahesabiwa?

— Inahesabiwa. Kutajwa ni kutajwa.

— Basi yule mwizi wa kuku wa mtaa wa pili ni profesa. Hakuna Ijumaa inayopita hajatajwa.

— Nyinyi mnacheza juujuu, — alisema Duni, akasogea mbele kama mwenye siri ya serikali. — La ndani hamlijui. Kichocho kinakaa wapi? Kwenye konokono wa mtoni. Dawa ya konokono ipo, fedha zake zilikuja, na konokono wapo. Kwa nini?

— Kwa nini?

— Kwa sababu wameshakuwa watu wakubwa. Kuna konokono shamba kule wametajwa vitabuni kuliko waziri. Sasa mtaalamu gani mwenye akili zake atamuua konokono aliyempandisha ndege? Akifa konokono, makala ya mia tatu itaandikwa juu ya nani? Wahenga walisema, ukila na kipofu usimguse mkono.

— Kipofu nani hapo? — aliuliza Jayantilal.

— Konokono.

— Konokono ana macho, bwana. Tena kwenye pembe. Mie nnauza miwani, nnajua.

Walicheka mpaka muuza kahawa akacheka, naye hucheka kwa nadra. Hija hakucheka. Alimwomba Jayantilal simu, akavaa miwani yake, akashuka mpaka chini ya makala, pale walipoorodheshwa waliochukuliwa maneno yao. Nadir mwenyewe ndiye aliyemwelekeza mahali hapo, Sikukuu moja, alipokuja kutoa mkono wa Idi akakaa muda wa bilauri moja ya sharubati. Alimwambia mjomba wake kwamba mtaalamu haruhusiwi kusema jambo bila ya kuonyesha kalipokea kwa nani. Lilimpendeza Hija. Hivyo ndivyo alivyoweka habari za ukoo wao: hili kalisema bibi, kalipokea kwa nduguye wa Uroa, na nduguye alikuwepo. Siku ile alijiona yeye na mpwawe wanafanya kazi moja.

Sasa alisoma majina taratibu, kidole chini ya kila mstari. Nadir na wenziwe. Nadir na wenziwe. Wanafunzi wa Nadir, na Nadir mwisho. Nadir tena. Ilikuwa kama mtu anayekuhadithia kisa, ukamuuliza kakipokea kwa nani, akakwambia: kwangu mie, mwaka juzi.

— Unatafuta nini humo, Mzee Hija? — aliuliza Silima.

— Nshamaliza, chukueni, — alisema Hija, akairudisha simu.

— Usimwonee mtoto wa watu, — alisema Duni kwa nia njema. — Amezunguka nchi ngapi. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Mamaye ni dada yangu, Duni.

Duni alisogeza kikombe chake ajaziwe kahawa. Na hapo ndipo Qasim alipotokea, mtu mzima wa Bububu, kanzu imepigwa pasi, mjomba wa Rahila aliyemlea binti huyo tangu babaye alipofariki. Alitoa salamu, wakaitikia wote, wakamsogezea nafasi ya katikati. Alipewa kahawa na kipande cha kashata. Wakaulizana hali, wakaulizana mvua, na hapakuwa na aliyejidai hajui kilichomleta.

— Nimetumwa kuuliza, — alisema Qasim alipomaliza kikombe cha kwanza.

Baraza likasimama kwenye elimu, kama lilivyoagizwa. Jayantilal alimwonyesha ukurasa akauteremsha taratibu, heshima tupu. Duni aliitaja elfu tisa mara mbili na hakutia methali. Hata Silima alisema kwamba katika thelathini na mmoja Nadir ndiye wa mwisho, na wa mwisho ndiye sheikh. Qasim alisikiliza kwa adabu, akisema "mashaallah" kila palipostahili.

— Kwa hiyo maneno yake yanachukuliwa na watu, — alisema walipokwisha.

— Dunia nzima, — alisema Duni.

— Mashaallah. Basi nami nipeni moja nimpelekee Rahila. Hapa ndipo alipokulia, na nyinyi ndio watu wake. Nipeni neno lake moja, lolote, ambalo nyinyi hulisema, na mkilisema mnasema: hili la Nadir.

Jayantilal alianza kuteleza kidole, kisha akakumbuka kuwa huko halimo, akaizima simu. Silima alimtizama Duni. Wakageuka wote kwa Hija, maana kama lipo, litakuwa kwake.

Hija aliinamisha kichwa akatafuta. Bibi yao Mwanamwema aliacha "wali haumngoji mwenye hasira," na mpaka leo nyumba sita hazinuni wakati wa chakula. Ami yao aliyekuwa hodari wa kudanganya karata aliacha "nihesabieni karata, msinihesabie dhambi." Hata Fiza, binti wa binamu yao, aliyeondoka duniani hajaanza chuo cha Kurani, alipopelekwa pwani mara ya kwanza akasimama akauliza, "Nani kaacha mfereji wazi maji yakajaa?" Umri wake wote ulikuwa miaka minne, na mvua ikinyesha ukoo mzima unauliza vile. Akamtafuta Nadir. Alimpata mdogo, amekaa pembeni ya sinia, anangoja wakubwa waseme kisha anasema, "Kama alivyosema ami." Alimpata siku ya hitima ya babaye, alipoombwa aseme machache, akasimama akawashukuru waliotangulia kusema. Alimpata kwenye Sikukuu ile na bilauri yake ya sharubati. Hakulipata neno. Akafikiria kutunga moja, nani angejua? Mwatum angelishika kwa mikono miwili. Lakini lingeandikwa kwa Nadir na kupokewa kwa Hija, na silsila ya namna hiyo, ya mtu kujipokea mwenyewe, ametoka kuisoma sasa hivi kwenye simu.

— Bwana Qasim, — alisema, — mie nimeweka maneno ya ukoo wetu wote, ya wema na ya wabaya. La mpwa wangu sina.

Qasim alikirudisha kikombe kwa muuza kahawa. Hakuonekana kufurahi.

— Nshasikia, — alisema. — Nnakushukuruni kwa kahawa.

Alimpa kila mtu mkono, wa Hija akaushika zaidi, akarudi alikotoka. Muuza kahawa aliinamisha dele lake la kahawa, likatoka tone na machicha. Duni safari hii hakuwasumbua wahenga.

Jayantilal, kwa sababu mikono yake haijui kukaa, aliwasha tena simu.

— Imepanda, — alisema polepole. — Elfu tisa na moja. Kuna makala mpya imeingia, imemtaja.

— Ya nani? — aliuliza Hija.

Jayantilal alisogeza kioo karibu na macho, ingawa alikuwa ameshaona.

— Yake.

Hija alikifudikiza kijikombe chake juu ya jiwe, akavaa makubadhi, akashika njia ya nyumbani kwa Mwatum.