Mipera ya Nyuma Isirithiwe

Siku ile chumbani tulikuwa watu wazima sita: mama mkwe wangu kitandani, mwanawe mkubwa ambaye ni dereva wa lori, mume wangu ambaye ni fundi cherehani, binti yake wa mwisho ambaye ni muuguzi na ndiye aliyetusomea karatasi ya vipimo, wifi yake mama aliyesimama mlangoni kwa kuwa hakuwa ameikanyaga nyumba ile kwa miaka tisa, na mimi, mwanangu mdogo mgongoni. Mama akasema hivi.

Sikilizeni wanangu, na msinihurumie, leo nina furaha kuliko siku niliyoolewa. Inua mto kidogo, mkwe wangu, hivyo hivyo, mikono yako haijawahi kuniumiza. Wifi, ingia ukae hapa kitandani. Siumi, meno yenyewe yamebaki mawili.

Mmesikia karatasi. Mapera ya nyuma ya nyumba yana risasi, sumu ile ya kwenye betri kuukuu, nayo imo ndani ya nyama ya tunda, wala si vumbi la juu nililolisugua kwa chumvi miaka yote nikajiona msafi. Aliyeiingiza ni mimi. Kila Jumamosi nilikwenda na gunia jalalani, wanakotupa betri za magari, nikachota ule udongo mweusi, nikaumwaga shinani mwa mipera, na ilipozaa mapera makubwa kama ngumi nikajisifu mtaa mzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikibeba kichwani.

Wifi yangu huyu aliwakataza watoto wake mapera yangu, akasema mti unaolishwa betri utazaa betri. Nikamwita mwenye wivu, na mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa huyu mkwe, alipoanza kuumwa tumbo na kusahau masomo, nikasema ni jicho lake. Wifi, nilikuchafua mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Usilie, utaniliza, na pumzi sina.

Sasa urithi. Nyie wanaume mmeshaanza kunong'onezana nani achukue mipera, maana ndiyo inayovuta wateja. Hairithiwi. Mwanangu mkubwa, usikunje uso. Unataka kusema wateja hawajui. Sisi tunajua, na mtoto wa mteja naye ana mama.

Lakini sikieni kilichonifanya nitabasamu tangu asubuhi: karatasi hiyo hiyo inasema kiwanja cha juu, penye kisima, ni safi, udongo na maji. Pandeni huko miche mipya, nyote, shamba moja lisilo na mpaka katikati, na samadi iwe ya ng'ombe. Kabati ni la muuguzi. Kitanda hiki ni cha mkwe wangu, aliyelala sakafuni miezi mitatu ili anigeuze. Watoto wapimwe damu, wote, hata wale waliokuwa wanatuibia mapera, na msiwachape.

Fungueni dirisha. Chukueni shoka, sasa hivi, nataka kusikia. Magogo msiyachome, msimpe mtu kuni... Wifi, nishike mkono. Mungu awape matunda safi, wanangu, na midomo ya kuambiana ukweli mapema, na masikio... nendeni basi... nasikiliza.

Shemeji yangu dereva ndiye aliyetangulia kutoka, shoka mkononi. Mama aliaga dunia siku ya nne. Watoto kumi na mmoja walipimwa damu. Wanne wanatibiwa, na mwanangu wa kwanza ni mmoja wao.