Maalim Twalibu bin Mfaume na Neno Beberu

Miaka haina haraka, wala haimsahau mtu. Marehemu Maalim Twalibu bin Mfaume alijaliwa mingi ya kutosha kuiona njia ya misafara ikiota majani, bendera ya Mdachi ikishuka, ya Mwingereza ikipanda na kushuka, na ya Uhuru ikipanda.

Alizaliwa Tabora mjini, mwezi wa Ramadhani, 1330 Hijria, sawa na Agosti 1912. Baba yake, Mzee Mfaume, alikuwa Mzaramo aliyefuata msafara kutoka pwani, akaoa huku, akasahau kurudi. Marehemu alihitimu Kurani akiwa mdogo, kisha akasoma nahau na fikihi kwa mashekhe wa mjini. Tangu 1936 alisomesha katika chuo cha Kurani, na furaha yake ilikuwa kuyachunguza maneno: yametoka wapi, yamebeba nini.

Mwaka 1938 alimwoa Bibi Zamda binti Mabruki, aliyezoea kuwaambia wageni, "Mume wangu anajua asili ya kila neno isipokuwa 'njoo ule'."

Katika kijiji cha Ntalikwa, si mbali na mji, alikuwa na mtani wake, Bwana Luhende Shilinde, Mnyamwezi mfugaji wa mbuzi. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulizaliwa safarini, nao wawili hao waliutunza kama amana.

"Mzaramo, bado hujarudi kwenu? Reli ipo!"

"Nitarudije, nawe hujamaliza kunibebea mzigo?"

Baada ya hapo ndipo walipojuliana hali.

Mwaka 1974, katika darasa la kisomo cha watu wazima hapo Ntalikwa, mgeni mmoja aliyetumwa kusimamia vijiji vya Ujamaa alimsifu sana Maalim kwa elimu yake, akamwomba aeleze maana na asili ya neno beberu.

"Wako wanaolitafutia asili ya mbali," alisema Maalim. "Mimi naona limetoka zizini. Beberu ni mbuzi dume asiyehasiwa: hunuka kabla hajafika, huwapiga wenzake pembe, na kila jike huliona lake. Wakati wa kudai Uhuru watu walimtazama mkoloni, wakamwona huyo huyo. Na mkitaka kumwona aliye hai, mtani wangu Luhende yule pale!"

Darasa likaangua kicheko, Luhende akiwashinda wote. Mgeni hakucheka, kwani kwao utani huo haukuwapo.

"Maalim, unathibitisha kwamba mtu huyu ni beberu?"

Kusema tu "huu ni utani" kungetosha. Lakini Maalim, sifa zikiwa bado zamlia masikioni, aliona haya kuonekana mchekeshaji. Akajibu, "Mimi nimeeleza maana ya neno."

Juma lile lile, kwa amri ya mgeni, mbuzi wa Luhende waliswagwa wakaingizwa zizi la kijiji, naye akaondolewa katika kamati ya mifugo. Watoto walimfuata njiani wakilia kama mbuzi. Akahamia Ziba, Igunga, yeye na mkewe Minza.

Aibu ile Maalim hakuivua tena. Mwaka 1977 alikwenda Ziba, akakiri kosa lake mbele ya majirani wote. Luhende, hirimu yake, alimwinamia.

"Shikamoo, Maalim."

"Mtani wangu, usiniamkie! Nitukane!"

"Hapana, Maalim. Nimeshakusamehe. Karibu chakula."

Alikula, akarudi Tabora. Msamaha alikuwa ameupata, mtani hakumpata. Alikuwa amekirimiwa kama mgeni.

Desemba 1982 marehemu alipatwa na kiharusi, kikamlemaza upande wa kulia. Salamu zilipotoka Ziba, alisomewa kitandani: "Tunamwombea Maalim apate nafuu." Aligeuza uso ukutani, akasema, "Heri angenitukana." Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Machi 1983, baada ya sala ya alfajiri.

Ameacha mjane, Bibi Zamda; watoto watatu, Omari, Maua na Mwanajuma; na wajukuu. Aliusia kwamba Bwana Luhende Shilinde atajwe katika ndugu zake, nasi twamtaja, ingawa hatujui kama atapenda.

Ewe Mola Mrehemevu, mpokee mja wako Twalibu, umsitirie aibu ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuifunika. Wape subira jamaa zake wa damu. Mbariki Luhende na nyumba yake, na ukiwakutanisha wawili hao mbele ya rehema zako, wajalie wacheke. Amin.