Hatusemi "Mzuri Mtoto"

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mwandaaji wetu mkuu wa programu anastaafu. Ofisi nzima humwita Shangazi, hata mkurugenzi aliyemzidi umri.

Alianza kama mpiga chapa, akajifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kisha akaandika programu ya maghala ya chanjo. Kwa kuwa maghala mengi hayana mtandao wa kuaminika, aliipachika hifadhidata, yaani kumbukumbu za chanjo, ndani ya programu yenyewe. Mtandao ukikatika, mtunza ghala bado anajua ni chupa ipi inayokaribia kuisha muda.

Tatizo lilikuwa moja: hakuna mwingine aliyewahi kuiunda programu hiyo, yaani kuyageuza maandishi yake yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Wiki iliyopita lilihitajika toleo jipya, na gari la chanjo lilikuwa tayari uani, likisubiri kulipeleka maghalani. Shangazi alivuta kiti, akakunja mikono na kutangaza kwamba hagusi kibodi. Hakutaka kupigiwa simu akiwa anacheza na wajukuu.

Vijana aliowafundisha wakajitosa. Kutafsiri msimbo, yaani maandishi ya programu, kwenda lugha ya mashine kulikwenda vizuri. Kuunganisha vipande vyake (neno "kulinki" tunawaachia wao) kukagoma: kompyuta ilidai haizijui kabisa amri za hifadhidata. Wakaifuta maktaba ya hifadhidata, yaani faili lenye amri hizo, wakaipakua upya. Ikagoma tena! Dereva akachungulia mlangoni na kuuliza kama humu ndani watu wamelala.

Hapo Shangazi akatamka maneno ambayo kila mwanafunzi wake anayajua: hatusemi "mzuri mtoto". Nomino hutangulia, kivumishi hufuata.

Kisha binti wa meza ya dirishani akaruka kitini. Katika amri yao, jina la maktaba lilikuwa limetangulia faili la programu! Kiunganishi, yaani kifaa cha kompyuta kinachounganisha vipande hivyo, husoma kuanzia kushoto. Kikiikuta maktaba kabla hakijaombwa kitu, huipita na kwenda zake. Akalihamishia jina mwishoni, akabonyeza. Programu ikaungana! Chumba kizima kilishangilia, dereva naye akashangilia bila kujua kwa nini.

Shangazi alichukua mkoba wake, akatoka kabla ya saa za kazi kwisha. Hatujawahi kuona jambo hilo.

Ahsante sana, Shangazi. Nenda ukacheze na wajukuu kwa afya na furaha tele. Simu yako haitalia; na ikilia, ni salamu tu.