Benchi la Miguu Mitatu na Nusu

Leo, Ijumaa tarehe thelathini, kengele ya saa tisa alasiri ikilia, mwalimu wetu wa uraia atakuwa amestaafu rasmi baada ya miaka thelathini na minne katika shule hii. Alikuja akiwa binti mwembamba mwenye kikapu cha vitabu. Anaondoka akiwa bibi wa wajukuu watano, na kikapu ni kile kile, kimebadilishwa mshikio mara mbili. Watoto humwita Mama Benchi. Sisi walimu humwita hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, meza yangu imepakana na yake kwa miaka kumi na tisa. Ya pili ni adhabu. Mimi ndiye niliyeandika ile barua ya kumwomba abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba. Walimu wote ishirini na wawili tuliweka sahihi, na Sista Mwalimu Mkuu akagonga muhuri. Mwenyewe aliisoma, akasahihisha koma moja kwa kalamu nyekundu, akanirudishia. Alisema habaki. Tena sifa hazitaki, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kama kweli tunataka kuagana naye vizuri, mmoja wetu akae benchini amsemee. Nimeshajaribu mara mbili katika chumba cha walimu na nimeshindwa mara zote mbili. Hii ni mara ya tatu, na safari hii wageni mpo mnatazama.

Kwa mgeni asiyejua, benchi lenyewe liko chini ya dirisha la chumba cha walimu. Seremala alilitengeneza kwa mabaki ya madawati, mbao zikamwishia kwenye mguu wa nne, kwa hiyo mguu huo unasimamia kipande cha tofali. Watoto wakigombana, huketi hapo wawili. Hakuna anayeruhusiwa kujitetea. Kila mmoja anamsemea mwenzake: aliumizwa wapi, alitaka nini, kwa nini alikasirika. Mwenzake akiona amesemewa sawasawa, anaitikia kwa kichwa. Akiona bado, anatikisa kichwa na msemaji anaanza upya. Wapo waliokosa mapumziko yote kwa ajili ya kifutio. Yupo pia mvulana wa darasa la nne aliyemsemea hasimu wake juu ya rula iliyovunjika, akamsemea vizuri mpaka akaanza kulia yeye, akamwachia vipande vyote viwili.

Walimu hatukusalimika. Chumba changu cha hesabu kilipakana na cha kwaya, na mimi na mwalimu wa muziki tulikuwa hatusalimiani muhula mzima kwa sababu ya kelele za mazoezi. Mama Benchi alituketisha. Nilimsemea mwalimu wa muziki kwa bidii nikajikuta nimejiunga na kwaya, ingawa sauti yangu ni ya mlango usiotiwa mafuta. Naambiwa sasa wanaonung'unika ni wanakwaya.

Somo lake la uraia halikukaa ubaoni. Darasa la sita walipomchagua kiongozi wao kwa sanduku la chaki, watoto walikuwa arobaini na mmoja na kura zikawa arobaini na tatu. Uchunguzi ulifanyika kwa uzito wote. Kura mbili za ziada zilikuwa za mpishi na mlinzi, ambao walidai kwamba wao ndio wanaosumbuliwa na filimbi ya kiongozi huyo, kwa hiyo wana haki. Uchaguzi ulirudiwa, na mpishi na mlinzi wakapewa kazi ya kusimamia sanduku. Filimbi ilipunguzwa kwa makubaliano.

Lakini ukimuuliza yeye mwenyewe ni somo gani kubwa katika maisha yake ya kazi, hatakutajia hata moja kati ya aliyoyafundisha. Atakutajia kosa lake, kama anavyowasimulia walimu wapya wote siku ya kwanza.

Shule yetu ni ya Kanisa Katoliki, na tangu zamani inapokea watoto wa dini zote. Mwaka wake wa kumi na moja hapa, Mama Benchi aliona si haki kuwalazimisha watoto wa Kiislamu kukaa darasani wakati wa sala ya asubuhi. Kwa moyo safi kabisa akawapangia kukaa nje barazani mpaka sala iishe. Paroko alimpongeza, na Sista wa wakati huo pia. Muhula wa pili alikuja fundi cherehani mmoja, baba wa binti wa darasa la tatu, kumwondoa mwanawe shuleni. Mkononi alikuwa na barua ya kumhamisha.

Mama Benchi alimwomba waketi benchini. Alimsemea: anaogopa mwanawe atabadilishwa dini. Fundi akatikisa kichwa. Alisema tena: anaona dini yake haiheshimiwi. Fundi akatikisa kichwa. Mara ya tatu Mama Benchi aliomba kwanza aulize. Akaambiwa kwamba binti alikuwa amerudi nyumbani akiuliza amefanya kosa gani, maana barazani ndipo wanapowekwa watoto watukutu, na yeye hukaa hapo kila siku. Ndipo Mama Benchi akasema kwamba baba huyu hakuja kwa ajili ya dini, amekuja kwa sababu mwanawe anatolewa nje kila asubuhi na watu wema ambao hawakumuuliza anataka kukaa wapi. Fundi akaitikia kwa kichwa, na barua akaikunja akaitia mfukoni.

Kesho yake kila mtoto aliulizwa. Wengine walichagua maktaba. Binti wa fundi alitaka dawati lake tu, karibu na rafiki yake, akae kimya mpaka wenzake wamalize. Alikaa hapo hadi darasa la saba.

Hadithi hiyo nimeisikia mara kumi na tisa, na bado nikaiandika ile barua.

Katika jaribio langu la kwanza nilimsemea kwamba amechoka. Alitikisa kichwa. La pili, kwamba anataka kulea wajukuu. Alitikisa kichwa na kucheka, akasema wajukuu watakuja tu, astaafu asistaafu. Juzi nikakumbuka yule fundi, nikaona haya. Ishirini na wawili tuliweka sahihi kwa upendo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Watoto tunawaambia kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Nikavuta kiti, nikamuuliza.

Basi namsemea. Mama Benchi ana dada yake mkubwa. Meza zetu zimepakana miaka kumi na tisa nami sikujua, na hilo linaniuma. Dada huyo aliachia shule mwisho wa darasa la tano ili mdogo wake apate nafasi ya kusoma. Sasa ana miaka sitini na sita, macho yamefifia, na ameomba jambo moja: asomeshwe kuanzia pale alipoachia. Asubuhi zake zote Mama Benchi ametupatia sisi kwa miaka thelathini na minne. Haondoki kwa kuchoka wala kwa kutuchoka. Jumatatu anaanza darasa la sita lenye mwanafunzi mmoja, ambaye tayari ameshabishana naye kuhusu ratiba.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyemfundisha kunyamaza na kusikiliza, na kwa watu wazima uliowafundisha hivyo hivyo kwa shida zaidi. Uende na afya, furaha na chaki ya kutosha. Mfikishie dada yako samahani zetu kwa kukukawiza, na shukrani zetu kwa kukuazima kwetu.

Benchi limeletwa hapa mbele, tofali lake pia, nami nimekaa upande wenye mguu mfupi. Ukitikisa kichwa nitaanza upya, wala sina haraka. Ukiitikia, barua ninayo, nitaikunja niitie mfukoni.