Siku Tatu za Barua ya Coletha

Kijiwe cha Nyahanga kilikuwa benchi moja mbele ya duka la vitambaa la Liaquat, ambaye wote walimwita Mita. Mwaka ule wa 1975 watu wazima walikuwa wanakwenda kisomo, na Pantaleo, wa kwanza kijiweni kupata cheti, alikitembeza mfukoni mpaka akaitwa Cheti. Ndiye aliyekabidhiwa barua ya Coletha, aliyekuwa akisomea uuguzi Kolandoto. Aliibandika ukutani kwa pini za Mita, kama ubao wa darasani. Mageni, baba wa binti, alikuwa hajui hata a, na kwa siku tatu alikuwa akiomba asomewe tena.

– Soma tena, Cheti, alisema Mageni. Polepole.

Pantaleo alisogeza kidole chini ya maneno.

– "Baba mpendwa, shikamoo. Mimi mzima. Nina jambo kubwa la kukuambia, nalo ni hili." Basi. Hata jina hakutia.

– Hili lipi sasa?

– Hapo ndipo pa kutuliza akili. Watu siku hizi wanasoma kwa pupa. Mimi hilo "hili" nimekaa nalo jana kutwa.

– Mchumba huyo, alisema Mita. Mie nauza khanga, nawajua mabinti.

– Mchumba wapi! alidakia Sikujua, muuza kahawa, huku akimimina. Ameokota dhahabu. Anaogopa kuandika.

– Kolandoto kuna dhahabu?

– Si ndiyo maana hujaisikia!

Walicheka mpaka benchi likalia. Mageni naye alicheka, kisha akaona aibu. Aliogopa kwamba mwanawe amefukuzwa chuo.

– Kwa uchunguzi wangu, alisema Pantaleo, anapelekwa mwezini. Wale waliotangulia hawakuwa na muuguzi. Tazameni "kubwa" lilivyokolezwa wino!

– Mwezini gete, mwezini kweli! Mita alishika mbavu. Basi aje achukue blanketi, kule baridi.

– Shikamooni, ilisema sauti nyuma yao.

– Marahaba, walijibu bila kugeuka. Subiri kidogo, binti, tunasoma.

– Mnasoma nini?

– Barua ya Coletha. Ngumu hii, acha tu.

– Na nyuma mmesoma?

Pantaleo aliutazama ukuta, akatazama kikombe, akautazama tena ukuta. Tangu aanze kisomo, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maandishi yana nyuma.

Mageni aligeuka. Coletha alikuwa amesimama na sanduku kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

– Nimefaulu, Baba. Niliandika hapo nyuma, na kwamba unipokee stendi leo saa nne. Nimekaa pale mpaka adhuhuri.

Mageni alilipokea sanduku akicheka na kulia kwa pamoja, hakujali nani anamwona.

– Sikujua, mpe mwanangu kahawa!

Sikujua aliinamisha birika. Halikutoka hata tone. Walikuwa wameimaliza yote kwa kusoma.

Pembeni, Pantaleo alichomoa cheti chake mfukoni taratibu, akakigeuza, akaanza kukagua nyuma.