Noa Ernesti Shehoza na Krismasi ya Zizini

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, Jumbe Idarusi, majirani wa Tongoni na wenzetu wote wa kambini mliokaa nasi tangu Jumanne, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mzee wetu, ikaniomba nisome polepole na nisirefushe, jambo ambalo marehemu mwenyewe asingelikubali, maana katika maisha yake hakuwahi kufupisha lolote.

Marehemu Noa Ernesti Shehoza alizaliwa tarehe 12 Machi 1903, huko Mlalo, katika milima ya Usambara, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ernesti Shehoza, mkulima, na mama Bertha, wote wawili wametangulia mbele za haki. Alizaliwa katika mvua isiyokatika, mto ukafurika ukamzuia mkunga ng'ambo ya pili, na ndiyo sababu alipobatizwa mwezi Mei mwaka huo huo akapewa jina la Noa. Mama yake alizoea kusimulia kwamba kilio cha kwanza cha mtoto huyu kilivuka mto kikamfikia mkunga pale aliposimama, naye akageuza akarudi kwake, akijua kwamba kazi imekwisha na mtoto ni mzima.

Mwaka 1911 aliingia shule ya misheni hapo Mlalo, akajifunza kusoma, kuandika, hesabu, useremala kidogo na tarumbeta kwa wingi, hata mwalimu wa bendi akamsifu kwa pumzi zake, bila kutaja sifa nyingine. Masomo yake yalikatika mwaka 1916, vita vilipopanda milimani na shule ikasimama, akarudi shambani kwa baba yake, lakini tarumbeta hakuirudisha, na inasemekana hakuna aliyethubutu kwenda kumnyang'anya.

Julai 1922 aliteremka Tanga, akapakua mizigo bandarini kwa muda, kisha tarehe 1 Februari 1926 akaandikwa katika shamba la mkonge hapa karibu na Tongoni, kwanza kama mkataji, baadaye kama nyapara, cheo alichokipata kwa ajili ya sauti, kwa kuwa kengele ya kambi ilipasuka mwaka 1931 na haikuonekana haja ya kuleta nyingine. Manamba waliotoka mbali, wenye lugha zao mbalimbali, waliamshwa naye kila alfajiri kwa neno moja tu, "Haya!", na watu wa Tongoni, ambao mkonge haukuwahusu hata kidogo, wakaamka nao kwa miaka yote hiyo bila mshahara.

Tarehe 13 Aprili 1929, kanisani Tanga, alifunga ndoa na Beatrisi Timotheo, mshonaji, mwenyeji wa Bumbuli, ambaye leo ndiye mjane wetu. Mama yetu ni mtu wa maneno machache, na wengi wamewahi kumwuliza alimpendea nini mume wa namna ile, naye huwajibu kwamba nyumba moja yatoshwa na msemaji mmoja. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ruthi aliyezaliwa mwaka 1930, Ernesti mwaka 1933 na Bertha mwaka 1938, na wote wako hapa pamoja na wake, waume na wajukuu.

Mwaka 1940 washarika wa kambini walimchagua kuwa mzee wa kanisa, na tangu hapo Krismasi ya kambi ikawa Krismasi ya Noa, maana yeye ndiye aliyechagua mbuzi wa kuchinja, yeye ndiye aliyepanga nani akae wapi, yeye alikaripia wapishi, akapanga wimbo, akausimamisha wimbo, akaupanga upya, na asubuhi yenyewe akatangulia mbele ya bendi kutoka kambini mpaka barabara ya Pangani, mashavu yamejaa, mishipa ya shingo imesimama, na mbwa wote wa njiani wakimfuata kwa heshima yao wenyewe. Ilikuwa furaha kubwa, hakuna awezaye kukana, na majirani zetu Waislamu walikula nasi kama sisi tulavyo nao siku ya Idi.

Basi katika majira ya Majilio ya mwaka 1951 alifika mchungaji mgeni, akahubiri habari za Mariamu, kwamba usiku ule wa kuzaliwa Bwana wachungaji wa kondoo walikuja na habari zao, kila mtu akastaajabu na kusema lake, isipokuwa mama mwenyewe, yeye aliyaweka mambo yale moyoni akayatafakari. Marehemu, ambaye kwa kawaida alitoka kanisani akiwaeleza watu mahubiri yalivyopaswa kuwa, siku hiyo alikwenda nyumbani moja kwa moja, hakugusa chakula, akakaa kwenye kiti cha kamba mpaka jua likapungua, ndipo akasema na mkewe.

"Mama Ruthi, miaka yote hii nimekuwa nikimpigia mtoto mchanga tarumbeta masikioni."

Mama Beatrisi alimjibu kwamba hakuna mzazi apendaye jambo hilo, akaendelea kushona.

Hapo marehemu akakata shauri kwamba Krismasi hiyo nyumba yake ingekaa kimya, bila pilau, bila bendi, bila nguo mpya, watu wakae watafakari Bwana amewajia kwa nini. Asubuhi ya tarehe 25 Desemba 1951, bibi Mwanamkasi, mke wa jirani yetu mzee Mwinyijuma Uweso, alichungulia, akaona hakuna moshi, hakuna mtoto anayecheza, na Noa Shehoza amekaa barazani ameinamisha kichwa, hasemi. Hakuuliza, kwa sababu mambo kama hayo hayaulizwi, akarudi akawakusanya wanawake, wakaja na mikeka, wakaketi, wakamkumbatia mama Beatrisi na kumwambia ndiyo dunia. Adhuhuri wanaume nao walifika, mmoja akauliza kwa upole kaburi limechimbwa upande gani. Marehemu ikambidi asimame aeleze kwamba hakuna aliyekufa, bali amezaliwa mtu, na maelezo hayo yakachukua muda wote uliobaki mpaka magharibi, na wale waliokuja kuomboleza ndio waliotuletea chakula.

Mtu mwingine angeliacha, lakini marehemu alikuwa na ukaidi wa watu wa mlimani, na mwaka uliofuata aliweka nadhiri mbele ya mkewe kwamba tangu adhuhuri ya mkesha hatatamka neno lolote mpaka ibada ya asubuhi ya Krismasi. Siku hiyo, Jumatano tarehe 24 Desemba 1952, nyumba ilikuwa imejaa wageni kutoka Mlalo na Bumbuli, uani bendi ilikuwa inajaribu nyimbo bila kiongozi wake, kila chumba kina mtu anayeuliza sufuria iko wapi, na marehemu, amejitanda shuka kuukuu kichwani asionane na mtu, akazunguka nyumba mara kadhaa akitafuta pa kukaa, asipate. Ndipo lilipomjia wazo kwamba Bwana mwenyewe alikosa nafasi katika nyumba ya wageni, akaruka ua, akaingia katika zizi la mbuzi la mzee Mwinyijuma, akapiga magoti pembeni, akafumba macho.

Hapa niseme kwamba mwezi huo mzee Mwinyijuma alikuwa ameibiwa mbuzi wake wawili, beberu na jike, naye aliporudi kutoka kuswali alasiri, akaona nyayo mbili za mtu zimejitokeza katikati ya kwato, alifunga mlango wa zizi kwa nje kwa kamba ya mkonge, mkonge wa shamba letu, akaita watu.

Waliomkuta marehemu wanasema alikuwa bado amepiga magoti, na mbuzi mmoja alikuwa amekwisha kula pindo lote la shuka na ameanza mkono wa shati, naye hakumzuia. Wakamwuliza yeye ni nani, akanyamaza. Wakamwuliza mbuzi wale wawili wako wapi, akanyamaza. Wakamfunua uso, wakaona ni nyapara, na hapo mambo yakazidi uzito, kwa sababu mwizi asiyejulikana hupigwa akaachwa, lakini mzee wa kanisa akikamatwa zizini, tena mkesha wa sikukuu, huyo hupoteza kazi, hupoteza usharika, na watoto wake hupewa jina lisilofutika. Alijua hayo yote. Alikuja kutuambia baadaye kwamba neno lilikuwa limefika kwenye meno, sentensi nzima, nzuri, yenye ushahidi, na kulimeza kulimwuma kuliko kiboko.

Akapelekwa barazani kwa Jumbe Idarusi, ambaye yupo hapa na atanisahihisha nikikosea, naye akamtazama sana, akamzunguka, akamwuliza jina lake, asijibiwe. Wakati huo mama Beatrisi alikuwa amefika, unga ungali mikononi.

"Huyu si mwizi," akasema, "ni mume wangu, ila leo hasemi."

"Noa Shehoza hasemi?" Jumbe akauliza. "Basi huyu siye."

Watu wakacheka, lakini mama yetu hakucheka, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusikia wengine wakitaja polisi wa Tanga, akawaeleza kwa maneno yasiyozidi kiasi chake kwamba mumewe ameweka nadhiri kwa ajili ya Mariamu, mama wa Bwana, na kwamba hata wakimpeleka Tanga atakwenda vivyo hivyo, kwa hiyo ni hasara ya nauli bure.

Mzee Mwinyijuma, aliyekuwa mlalamikaji, na aliyekuwa na haki yote ya kuwa na hasira, alisogea mbele ya Jumbe. Kisha akavua kofia, akaivaa tena.

"Jumbe, mwacheni, huyu yuna nadhiri," akasema. "Bibi Mariamu twamjua na sisi. Alipomzaa Isa aliamrishwa asiseme na mtu, watu wakamjia na maneno mabaya, naye akanyamaza. Leo wale wenye maneno mabaya tumekuwa sisi."

Kisha akamshika marehemu mkono, na sote tulidhani anampeleka nyumbani kwake, kumbe anamrudisha zizini, akamfungulia mlango, akamwekea jamvi, ambalo mbuzi waliliona pia, naye mwenyewe akaweka kiti nje ya ua akawa anawafukuza watazamaji, na bendi yetu ilipopita karibu akaiambia kwamba ndani mna mtu anazungumza na Mola wake, wakapigie mbali. Watu walimstaajabia mzee huyu, analinda mbuzi wake pamoja na yule aliyemdhania mwizi wao, mpaka kulipokucha.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa hadi nje, kwa maana habari zilikuwa zimetembea, na marehemu akaingia jinsi alivyo, shati halina mkono, majani kichwani, na benchi aliyokaa ikaachwa na watu mmoja mmoja, kwa adabu. Zamu ya wazee kunena ilipofika, akasimama, na waliomjua wakajikalia vizuri, wakijua amelimbikiza tangu jana. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndugu zangu, mle ndani kunanuka," akasema. "Naye hakungoja pasafishwe. Alikuja hivyo hivyo."

Akakaa. Hayo ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa, na wako watu katika msiba huu, akiwamo nyapara mwenzake mmoja aliyekuwa hajakanyaga kanisani kwa miaka mingi kwa kujiona hafai, ambao husema kwamba waliielewa Krismasi siku hiyo kwa mara ya kwanza. Wazee wengine wa kanisa hawakufurahi, walimwita kikaoni mwezi Januari 1953 kujibu kwa nini aliingia nyumba ya ibada akiwa na harufu ya beberu, naye akawajibu kwa kirefu mno, hata wakamsamehe ili waende kula. Wale mbuzi wawili hawakuonekana kamwe.

Tangu hapo kila mkesha marehemu alikwenda zizini, na mzee Mwinyijuma, kwa ukarimu wake, akaanza kulifagia siku moja kabla, akatandika mchanga mweupe wa pwani, akafukiza udi, jambo lililomtesa sana marehemu, kwa kuwa alipotaka kutafakari unyonge wa Bwana alijikuta katika mahali pazuri kuliko chumbani kwake, na hakuwa na moyo wa kumwambia. Sikukuu yenyewe haikupotea, pilau lilirudi na bendi ilirudi, ila ilipiga baada ya ibada, na marehemu alipiga tarumbeta mpaka mwaka 1957, daktari alipomkataza.

Maradhi ya kifua yalimwanza Agosti 1957, akapata matibabu Tanga, akapumzika kazi tarehe 31 Machi 1958 baada ya kutumika miaka thelathini na miwili, akapata nafuu, kisha mwezi Oktoba hali ikabadilika, akalazwa tena. Sauti ilimwisha kabla ya akili. Mzee Mwinyijuma alikuwa akija hospitali kwa lori la mkonge, akaketi kando ya kitanda, wakakaa wazee hao wawili bila neno mpaka saa ya wageni kwisha, hata mwuguzi akamwuliza mama Beatrisi kama wamegombana, naye akamwambia hapana, hivyo ndivyo wanavyozungumza. Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Desemba 1958, asubuhi, katika Majilio, mkewe na watoto wakiwa karibu.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, mchungaji na washarika kwa sala, wenye shamba kwa lori na mbao za jeneza, Jumbe Idarusi na vijana wa Tongoni waliochimba kaburi bila kuombwa, bibi Mwanamkasi na wanawake wote waliokuja na mikeka, safari hii pasipo kukosea, na wewe mzee Mwinyijuma, ambaye hatuna neno la kukutosha.

Juma lililopita, akinong'ona, marehemu alimwita Ruthi akampa agizo la mazishi, nami nimeambiwa nilisome jinsi lilivyo: "Siku hiyo msininyamazie. Ninyi semeni, kuleni, chekeni, mimi ndiye mwenye zamu ya kunyamaza."

Basi nyamaza sasa, baba, hakuna atakayekuuliza jina lako. Lala kwa amani ya Yule uliyemtafuta.